Mrija Uliobaki Mtungini

Nyinyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, maana nimesharudisha buti za ofisi na funguo za stoo. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilivyopata vilikuwa vichache, na barua zake ziliandikwa na watu waliokosea jina langu. Nitaandika juu ya ng'ombe, na hasa ng'ombe wa mama mmoja wa Kathonzweni, Makueni, anayeitwa Syombua. Mimi ndiye niliyemharibia fahali wake, na kwa miaka mingi amekuwa akinisubiri nimrudishie mwingine wa damu ile ile. Nikionekana kupotea njia, mjue huko ndiko ninakoelekea.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona lori la ng'ombe likipita Mwingi nikataka kujua linawashushia wapi, nikapanda. Mwenye lori alikuwa Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na nyumba karibu na msikiti. Aliponikuta nyuma kati ya miguu ya ng'ombe hakunipiga. Aliniuliza kama najua kusoma, nikasema ndiyo. "Basi soma huyu," akasema, akafungua mdomo wa ng'ombe mzee. Alinionyesha meno ya maziwa, meno mapana yanayoota mawili mawili, na jinsi yanavyosagika mpaka kubaki vigingi. "Wenyewe watakudanganya umri. Mdomo wake hautakudanganya." Hilo ndilo darasa langu la saba.

Kwa Abdi nilikaa miaka miwili. Baadaye nilichota mchanga Kibwezi, nikapakia magunia ya pojo Kyuso, nikalinda josho la ng'ombe lililokuwa halina dawa. Tabia yangu ni hiyo: nikitaka kujua jambo silali, nikishalijua linanichosha. Ng'ombe peke yao hawakuwahi kunichosha, kwa hiyo hatimaye ofisi ya mifugo ikanikuta nimesimama mlangoni kwao siku tatu mfululizo nikiuliza maswali, na wakanipa kazi ili ninyamaze.

Mwalimu wangu wa kwanza pale alikuwa Mzee Kilonzo, mtu mfupi mwenye kikohozi, aliyekuwa akihasi mafahali. Siku ya kwanza alinipa koleo la kuhasi. Ni chuma kizito chenye mikono mirefu. Unashika mshipa wa pumbu kupitia ngozi, unausukuma pembeni, unabana, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Upande mmoja, kisha mwingine, na alama mbili zisikutane katikati, la sivyo ngozi itakufa. Damu haitoki. "Hii ndiyo hatari yake," Kilonzo aliniambia. "Kisu kingekuonyesha umefanya nini."

Kazi yetu ilikuwa na sababu, na wakati ule niliiona nzuri. Ng'ombe wa Ukambani walikuwa wadogo, wenye nundu na pembe fupi, na maziwa yao hayakujaza kikombe cha mwalimu mkuu. Serikali ilitaka kuwaboresha. Fahali wa kigeni angeletwa kila kijiji, mwenye mabaka meusi na meupe, lakini asingefaa kitu ikiwa mafahali wa kienyeji wangemtangulia. Kwa hiyo sisi tulitangulia. Kwenye fomu waliitwa "madume duni". Niliandika maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu.

Ndivyo nilivyofika kwa Syombua. Mumewe alikuwa hai wakati huo, ila alifanya kazi reli na boma lilikuwa chini ya mama huyu. Fahali wake alikuwa mwekundu, wakamwita Ndune, maana yake nyekundu tu, Wakamba hatupotezi muda kwenye majina. Kijiji kizima kilimwazima. Syombua alisimama kati yetu na boma akiwa na jembe begani.

"Huyu mna shida gani naye?"

"Ni mdogo, mwaitu," nikasema. Neno hilo ni mama yangu, na nililitumia ili anipishe.

"Wewe pia ni mdogo. Kuna mtu amekuja na koleo?"

Kilonzo alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaeleza habari ya maziwa, debe kwa debe, jinsi nilivyofundishwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyu anakunywa maji leo, anakunywa tena kesho kutwa. Anatembea mpaka mto Athi na kurudi, na akirudi anapanda. Huyo wenu anakunywa mara ngapi?"

Nilikuwa sijui. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Kama huyu tu."

Akatoa jembe begani. Nikahesabu mpaka kumi, mara mbili. Ndune alilala chini kidogo, akainuka, akaendelea kula. Hilo ndilo jambo linalonirudia: hakutazama nyuma.

Sitawadanganya kwamba ubaya ulionekana mara moja. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mvua, na ndama wa mabaka walizaliwa wakubwa. Syombua alipeleka maziwa sokoni kwa baiskeli, akaezeka bati, akanipa jogoo. Nilipopita alikuwa akiniambia, "Mutisya, ulikuwa mdogo lakini ulisema kweli." Nilikuwa nikiondoka pale nimenyooka mgongo.

Kisha nikafundishwa kupandikiza mbegu. Kilonzo alikuwa amestaafu, lakini alikuja kutazama siku yangu ya kwanza, akakaa juu ya mtungi wangu wa naitrojeni, ile inayogandisha mbegu, kama kiti hadi nilipomweleza ndani kuna baridi gani. Mnaijua kazi, lakini wacha niiseme kama ilivyokuwa kwangu. Mtungi mgongoni mwa pikipiki, umefungwa kwa mpira wa tairi. Mirija myembamba ya mbegu ndani yake, kila mmoja na jina la fahali ambaye hajawahi kukanyaga vumbi letu. Maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, mrija unalala humo nusu dakika. Glovu mpaka begani. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi unampandikiza jioni, aliyeonekana jioni unampandikiza asubuhi. Mtu atakwambia joto lilianza lini kulingana na muda unaomfaa yeye, kwa hiyo mtazame ng'ombe. Akisimama tuli wenzake wakimpanda, yuko tayari. Na kila mrija unaandikwa: ng'ombe gani, wa nani, mbegu ya fahali yupi, siku gani. Kitabu changu kilikuwa safi. Nilijivunia kitabu kile kuliko mtoto.

Mara moja tu sikuandika. Nilikuwa nimetumwa mbali, kupita Kyuso, karibu na Tseikuru, na jua lilikuwa limekunywa naitrojeni yangu. Nilipochungulia mtungini palikuwa na mvuke kidogo na mrija mmoja uliobaki, wa Sahiwal, aina ya ng'ombe wekundu wenye nundu wanaotoka bara Hindi. Mpaka kufika Mwingi ungekuwa umekufa. Nikasimama kuomba maji kwenye boma la mzee mmoja, Muthoka, mtu mpole mwenye koti la suti bila suruali yake. Bomani palikuwa na ng'ombe mwekundu, mdogo, amesimama tuli mwenzake akimpanda.

"Huyo yuko tayari," nikasema. "Nina mbegu moja nzuri. Ni zawadi."

Muthoka alitazama chini.

"Ng'ombe ni wako?" nikauliza, maana ndivyo tulivyofundishwa kuuliza.

"Wako hapa kwangu, unaona," akasema. "Zawadi ya mgeni mtu anaikataaje?"

Nilikuwa nimeshavaa glovu. Nikapandikiza, nikanywa maji yake, nikaenda. Kwa kuwa ilikuwa bure, sikuandika. Niliona kuandika kitu cha bure ni kujisifu.

Kiangazi kikubwa kilikuja baadaye, kile ambacho hata nyinyi vijana mnakikumbuka. Nilikuwa nimerudi Makueni. Ng'ombe wa mabaka walikufa kwanza. Walikuwa wamezoea kuletewa, wakasimama langoni wakisubiri ndoo. Hawakujua kung'oa gome, hawakujua kutembea, mchana walihema ulimi nje. Ofisi ilitutuma kuhesabu mizoga. Kwa Syombua nilikuta sita wamelala mstari mmoja ukutani kwenye kivuli, na kivuli chenyewe kilikuwa kimeshahama.

Alikuwa mjane sasa. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Mutisya," akasema, "nilikuuliza anakunywa mara ngapi."

"Uliniuliza, mwaitu."

"Ukasema kama Ndune."

"Nilisema."

Hakunitukana. Alisema angependa fahali mmoja tu, wa ule ukoo wa Ndune, aanze upya kabla hajafa, hata na ng'ombe jike wa kuazima. Nikamwambia ukoo ule umekwisha, tuliwahasi wote kutoka mji wa Wote mpaka mtoni, na fomu ninazo. Ndipo aliponieleza habari iliyonipa matumaini, na kwa miaka kadhaa niliishi kwa matumaini hayo.

Kwetu zamani mtu hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Wachache aliwapeleka kwa rafiki wa mbali, ili kiangazi au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Maziwa yalikuwa ya mtunzaji, ndama walikuwa wa mwenyewe. Na mtunzaji hachinji, hahasi, wala hampandishi ng'ombe yule kwa fahali mgeni mpaka amuulize mwenyewe. Mume wa Syombua, kabla mimi sijaja na koleo, alikuwa amepeleka mitamba wawili na ndama dume mmoja, ndugu yake Ndune, kwa rafiki aliyefanya naye kazi reli.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Huko Kitui, kaskazini. Tseikuru. Kwa mtu anaitwa Muthoka."

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nimekunywa maji kwenye maboma mengi, na jina halikuwa kitabuni. Kwenda nako hakukuwezekana mpaka ofisi initume huko tena.

Miaka ya mwisho ya kazi nilipewa niwe mwongozaji wa Daktari Nduku, mtafiti kijana aliyetaka kusoma nasaba za ng'ombe wa kienyeji. Alinifundisha kazi yangu ya mwisho, na ndiyo nyepesi kuliko zote: kung'oa nywele za mkia. Si kukata, kung'oa, ziwe na mizizi, maana habari iko kwenye mzizi. Nywele kama thelathini, bahasha moja kwa ng'ombe mmoja, namba, mahali, jina la mwenyewe. Jioni nilimsumbua kwa maswali. Aliniambia jambo ambalo hadi leo nalitafuna. Ng'ombe hawa wenye nundu, ukifuata upande wa baba, wametoka Asia. Lakini ukifuata upande wa mama, mama ya mama ya mama, unafika kwa ng'ombe wa Afrika hii hii wa kale, ambao hawakuwa na nundu kabisa.

"Kwa hiyo hata wa asili ni machotara," nikasema.

"Ni machotara, Mzee. Hakuna asiye."

"Basi sikuharibu kitu."

Nilisema hivyo kwa haraka sana, naye akanitazama. "Wale mafahali wa kwanza walikuja wachache wachache, kwa vizazi na vizazi. Kila kiangazi kilichuja. Aliyeshindwa alikufa, aliyeweza alizaa. Nyinyi mlileta wote mara moja, na waliokuwa wameshachujwa mkawahasi."

Nilimweleza habari ya Syombua. Alifurahi. Kundi lililofichwa mbali, kabla ya koleo na mirija, ndilo hasa alilokuwa akitafuta. Nywele zikiwa safi, kungekuwa na ndama dume wa kumrudishia Syombua, na wengine wa kuzalisha mbegu ya kwetu. Maana mbegu ya ng'ombe wetu haiko kwenye mtungi wowote. Hakuna aliyeikusanya. Watu wa kuikusanya walikuwa kazini wakihasi.

Tulipofika bomani Tseikuru, nililitambua koti kwanza. Muthoka alikuwa mzee sana. Alinitazama, nikamtazama, tukasalimiana kama watu wasiojuana. Ng'ombe walikuwa saba, wekundu, wenye nundu, wazuri kwa macho, na fahali wao alikuwa na kifua kipana. Daktari alikuwa akitabasamu peke yake. Mimi nilishika mikia. Nilijiambia labda ile mbegu haikushika. Labda ndama alikuwa jike, akafa. Niling'oa nywele thelathini mara saba bila kuutaja ule mrija, na Muthoka naye aliongea habari ya fisi.

Majibu yalichukua miezi. Daktari aliyaleta mwenyewe, ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

"Kuna Sahiwal ndani yao, Mzee. Fahali yule ni nusu. Watoto wake wanafuata. Upande wa mama bado ni wa hapa, lakini baba ni wa mrija, na sijui mrija ulifikaje kule. Vitabu vyote vya ofisi nimetazama."

"Hauko kitabuni," nikasema, nikamweleza habari ya zawadi yangu.

Hakukasirika. Alizungusha kalamu. Kisha akasema kuna mmoja aliye safi, yule jike mzee mwenye pembe iliyovunjika. Alizaliwa kabla ya zawadi yangu, na baba yake ni yule ndugu yake Ndune. Huyo ndugu, Muthoka alituambia baadaye kwa simu, alimwuza mwaka ule ndama wa Sahiwal alipokua, kwa sababu huyu mpya alikuwa mkubwa na mzuri zaidi. Alilia alipotuambia. "Ningemwambiaje Syombua? Nilikuwa nimempandisha ng'ombe wake bila kumwuliza. Nikanyamaza, nikasema ni mwekundu, hataona."

Nilikwenda Kathonzweni peke yangu. Syombua alikuwa akipeta pojo. Nilimweleza yote, nimesimama, na yeye hakuacha kupeta.

"Muthoka hakuniuliza," akasema.

"Hakukuuliza."

"Na wewe hukumwuliza ng'ombe ni wa nani."

"Nilimwuliza, mwaitu."

"Ulingoja akujibu?"



Yule ng'ombe mzee tulimleta kwa lori, ikawa safari yangu ya mwisho ya kazi, njia ile ile niliyoanzia. Syombua alimpapasa pembe, akasema ana macho ya Ndune. Mimi nilifungua mdomo wake. Meno yalikuwa vigingi. Nilisema ana mwaka mmoja au miwili ya kuzaa, kama tukipata fahali safi. Daktari alikwenda kutafuta hadi mpakani mwa Tana, alituma nywele za kila fahali mwekundu aliyemwona. Kila mmoja alikuwa na mtu kama mimi mahali fulani katika ukoo wake.

Mwezi huo nikastaafu. Hakukuwa na sherehe, na sikuitaka. Ila Syombua alibaki na namba yangu ya simu, na ng'ombe, kama mjuavyo, huingia kwenye joto kila baada ya siku ishirini na moja au karibu na hapo. Alfajiri simu ilikuwa ikilia.

"Analia," angesema.

"Mfunge ndani, mwaitu. Akitoka atapandwa na fahali wa jirani."

"Umepata?"

"Bado."

"Haya." Na nyuma ya sauti yake nilimsikia ng'ombe akiita, upande wa maboma ya watu.

Nilianza kuhesabu siku kwa chaki ukutani, mimi niliyewahi kuwa na kitabu safi. Ishirini na moja, simu. Ishirini na moja, simu. Mara moja nilimwambia amwachie tu, bora apate ndama wa aina yoyote kuliko kukosa. Alisema, "Nilishawahi kukubali aina yoyote." Nikarudi kuhesabu.

Juzi zilifika ishirini na moja, simu haikulia. Ishirini na mbili. Siku ya ishirini na tano nikapanda gari nikaenda. Nilitumaini, naandika hili kwa aibu, kwamba fahali fulani alikuwa amevunja boma. Boma lilikuwa zima, miiba imepangwa vizuri, kamba iko palepale. Nilivaa glovu ya mwisho niliyobaki nayo, nikampima. Ndani palikuwa pakavu na padogo. Hakuwa na mimba, na hakuwa na joto. Alikuwa amezeeka tu.

Syombua alinitazama nikivua glovu.

"Amenyamaza," akasema.

"Ndiyo, mwaitu."

Alimfungua kamba shingoni, akaondoa miiba langoni, akamwacha atoke aende anakotaka. Ng'ombe akapita mbele ya mafahali watatu wa jirani. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Mirija ikibaki, andikeni. Hata ile ya bure.